Nauli ya Familia ya Askari Iko Juu ya Nani?



Chukulia mfano huu, ndugu msomaji. Askari wa cheo cha chini, mwenye mke na watoto wanne, anaishi kambini Mbarara. Jioni moja inasomwa amri ya uhamisho: baada ya siku saba awe ameripoti Gulu. Yeye mwenyewe hana shida ya usafiri, kwani lori la jeshi litamchukua pamoja na bunduki yake na begi lake. Lakini kutoka Mbarara hadi Gulu kupitia Kampala ni safari ya kilomita zipatazo 600, na nyuma yake kuna mke, watoto wanne, magodoro, masufuria, sare za shule na jiko la mkaa. Nani atalipa nauli yao?

Swali hili liliulizwa katika darsa yetu ya fiqhi ya ndoa muhula uliopita, tulipofika mlango wa nafaqa. Ndugu mmoja alijibu kwa haraka: mume. Dada mmoja akajibu kwa haraka vilevile: serikali. Muda ukaisha, tukatawanyika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria, kwa sababu naona si swali la nauli peke yake. Ni swali la mipaka ya amri. Mwenye mamlaka akikuamrisha jambo, je, anabeba na yale yanayoifuata amri yake, au anabeba lile alilolitaja tu? Nitajaribu kulijibu kwa hoja, na waliosoma zaidi yangu wanirekebishe palipo na upungufu.

Hoja ya anayesema "mume"

Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Wanavyuoni wamezitumia aya ya 233 ya Suratul Baqara na aya ya 6 na ya 7 za Suratut Talaq kuthibitisha kwamba chakula, mavazi na makazi ya mke ni juu ya mume, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Hind bint Utba alipomshtakia Mtume (S.A.W.) ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Hakuelekezwa kwa mtu mwingine. Alielekezwa kwenye mfuko wa mume.

Wanavyuoni wa madhhabi ya Hanafi wamelichambua zaidi suala la safari. Mke akienda kuhiji Hija yake ya faradhi akifuatana na mumewe, wanasema mume anadaiwa matumizi kwa kiasi cha nyumbani, wala hadaiwi ziada ya safari wala kodi ya mnyama wa kupanda. Lakini mume akiwa ndiye aliyemtoa mke nyumbani kwa safari yake yeye, gharama zote ni juu yake. Tazama kipimo walichokitumia. Hawakuuliza tu nani ni mume na nani ni mke. Waliuliza pia safari ni ya nani. Gharama ikamfuata mwenye safari.

Ndugu yetu wa darsa alishika kipimo hichohicho: mke wa askari hakuomba kwenda Gulu, mume ndiye anayempeleka, basi mume alipe. Mimi nakikubali kipimo. Ninachokikataa ni kukisimamisha njiani kabla hakijafika mwisho. Kwani mume naye ameomba kwenda Gulu?

Safari ni ya nani?

Mwalimu wa shule ya binafsi akihamishiwa tawi la mbali, anaweza kukaa chini na mkewe, wakapima, na wakiona haiwezekani akaacha kazi. Atapata hasara, lakini hatafungwa. Askari hana mlango huo. Akikataa kuripoti ni kosa la kijeshi, na akitoroka atatafutwa. Ndiyo maana neno tunalolitumia ni amri, halikuwa ombi wala makubaliano mapya.

Utasema: alijiunga kwa hiari, na alijua kwamba jeshi huhamisha watu. Ni kweli. Lakini kukubali kuhamishwa si sawa na kukubali kulipia uhamisho. Mjenzi anayekubali kujenga popote atakapotumwa na tajiri wake hajakubali kubeba saruji kwa pesa zake.

Utasema tena: mshahara wake umeshahesabu yote hayo. Hapa ndipo hoja inapodhoofika zaidi, kwa sababu mshahara wa cheo kimoja ni mmoja, lakini uhamisho si mmoja. Askari wawili walioapishwa siku moja wanaweza kulipwa sawa kwa miaka kumi. Mmoja akakaa kituo kimoja miaka yote hiyo, mwingine akahamishwa mara tano. Kama nauli ya familia inatoka kwenye mshahara, huyu wa pili amelipwa kidogo kuliko mwenzake, na sababu ya kupunguziwa ni kwamba ametumika zaidi. Sidhani kuna mtu anayeweza kuitetea hali hiyo kwa jina la uadilifu.

Wanavyuoni wa kanuni za fiqhi wana kanuni mashuhuri, nayo imo pia katika Majalla ya dola ya Uthmaniya: gharama hufuatana na manufaa, anayepata faida ya jambo ndiye anayebeba mzigo wake. Manufaa ya askari yule kuwapo Gulu ni ya nani? Mkewe hapati kitu, na yeye mwenyewe hapati ziada. Manufaa ni ya nchi, ambayo imeona kwamba mpaka au mji ule unahitaji ulinzi. Basi tukifuata kipimo cha Hanafi mpaka mwisho wake, safari ni ya dola.

Hili halimwondolei mume wajibu wake mbele ya mkewe. Mke hana mkataba na jeshi. Mkataba wake ni na mume, na siku ya safari atamtazama mume. Kwa hiyo nasema kuna madeni mawili yaliyofungamana: mume anadaiwa na mkewe, na dola inadaiwa na mume. Dola isipolipa, deni la kwanza halifutiki. Lakini tusimhukumu mume anayeshindwa kulipa la kwanza bila kuuliza kama la pili limelipwa.

Yaliyotangulia katika Uislamu

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Mustawrid bin Shaddad hadithi ambayo naona ni nguzo ya mjadala huu. Maana yake ni kwamba mtu anayetumika kwa ajili ya Waislamu, kama hana mke basi apate mke, kama hana mtumishi apate mtumishi, kama hana makazi apate makazi. Na atakayechukua zaidi ya hayo ni mwenye kufanya khiyana. Zingatia mambo mawili. Kwanza, nyumba ya mtumishi wa umma imehesabiwa kuwa sehemu ya utumishi wake. Hakusawiriwa kama mikono miwili inayokodishwa, ambayo haina watu nyuma yake. Pili, hadithi hiyohiyo imeweka ukuta: zaidi ya hapo ni khiyana. Nitaurudia ukuta huu baadaye.

Ipo pia hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ameandikishwa katika msafara fulani wa vita, na mkewe ametoka kwenda kuhiji. Mtume (S.A.W.) alimwamuru aende akahiji na mkewe. Tunaisoma sana hadithi hii katika mlango wa maharimu, na ni sawa. Lakini itazame pia kwa jicho la jeshi. Jina la askari limeshaandikwa, na safari ya mkewe ikaonekana kuwa sababu tosha ya amiri kuibadilisha amri. Safari ya mke haikuitwa jambo la nyumbani lisilomhusu kamanda.

Kisha alikuja Umar bin Khattab (R.A.), aliyeanzisha diwani, yaani daftari la mgao wa fedha za Baitulmali. Wapiganaji waliandikwa humo, na wake na watoto wao wakapangiwa mgao. Mwanzoni mtoto alipewa mgao baada ya kuachishwa kunyonya. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Umar alisikia mtoto akilia karibu na msafara uliofika Madina. Akamwendea mama zaidi ya mara moja, mpaka akajua kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati ili aandikwe. Umar alihuzunika sana, kisha akaagiza kila mtoto aandikiwe mgao tangu anapozaliwa.

Kisa hiki hutumika kuonesha huruma ya Umar. Mimi nakiona pia kama somo la uhasibu. Kanuni ya serikali ilikuwa na pengo la miaka miwili hivi, na pengo hilo halikukaa tupu. Mtu alikuwa akililipia, naye alikuwa mtoto anayenyonya, mdogo kuliko wote na asiyeweza kulalamika kwa njia nyingine ila kulia. Gharama ambayo mkubwa hakuiandika kwenye daftari lake huteremka mpaka imfikie mdogo.

Umar huyohuyo alimsikia mwanamke usiku akilalamikia upweke wa mume aliye vitani. Alimuuliza binti yake Hafsa (R.A.) mke anaweza kuvumilia muda gani, na baada ya jibu lake akaweka mpaka wa muda wa askari kukaa mbali, miezi minne au sita kwa kutofautiana kwa mapokezi. Ni wazi kwamba kwake utengano wa familia ulikuwa gharama ya vita, nayo dola inapaswa kuihesabu kama inavyohesabu mishale na ngamia.

Kura mbili

Katika vita vya mwanzo wa karne ya 19 dhidi ya Napoleon, jeshi la Uingereza liliruhusu wake wachache kufuatana na kikosi ng'ambo, kama wanne hadi sita kwa kila kombania ya watu mia. Waliochaguliwa walipata chakula na nafasi melini. Uchaguzi ulifanywa kwa kura, na mara nyingine kura ilipigwa siku chache au usiku mmoja tu kabla ya meli kuondoka. Mwanamke alitoa karatasi kwenye kofia, na karatasi ile ikamwambia aende au abaki. Aliyebaki alipewa, kama alipewa, pesa kidogo za kumfikisha kijijini kwao, na tangu hapo akawa mzigo wa parokia yake au wa ombaomba. Wengine hawakujua tena kama waume zao wako hai.

Sasa kumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) naye, kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze, na yule iliyemwangukia ndiye aliyefuatana naye. Hata neno letu kura limetoka katika Kiarabu hichohicho. Kwa nje ni jambo moja: kofia, majina, mmoja anakwenda na wengine wanabaki. Je, kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Kura ya Mtume (S.A.W.) ilipigwa baina ya watu ambao haki zao zote zilikuwa zimeshalindwa. Aliyebaki alibaki nyumbani kwake, kwa matumizi yake, na mumewe atarudi. Kura iligawa fadhila ambayo haiwezi kugawanyika, ili pasiwe na upendeleo. Kura ya bandarini Uingereza iligawa haki yenyewe: mkate, paa na mume. Ilifanya bahati iwe mlipaji. Kugawa kwa usawa kitu ambacho hukupaswa kukinyima hakukufanyi uwe mwadilifu. Nalisema hili kwa sababu siku hizi tunasikia viongozi wakijitetea kwamba utaratibu ulikuwa wa wazi na kila mtu alipata nafasi sawa. Kabla ya kuusifu utaratibu, tuulize kinachogawiwa ni nini.

Yaliyotokea hapa kwetu

Hatuhitaji kwenda mbali. Historia ya Waislamu wa Uganda imebeba kisa hiki. Mwaka 1891 Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alikwenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Huko alimkuta Selim Bey na mabaki ya askari wa Kisudani walioachwa baada ya Emin Pasha kuondoka na Stanley mwaka 1889. Lugard aliwachukua kulinda ngome za magharibi. Askari wenyewe walikuwa mia kadhaa tu, lakini msafara mzima ulizidi watu 8,000: wake, watoto, wafuasi, na pia mateka waliokuwa wamechukuliwa kwa nguvu katika miaka ya vurugu. Wengi wa Wanubi wa nchi hii, wakiwamo wa Bombo, wana asili katika watu hao na wale waliowafuata.

Huo ulikuwa uhamisho wa kijeshi wa familia nzima nzima. Nani aliulipia? Kampuni haikuwa na fedha za kulisha watu 8,000. Hapa Uganda tukisema posho tunakusudia ugali. Katika Kiswahili cha ofisini posho ni fedha anayopewa mtumishi juu ya mshahara. Na katika misafara ya zamani posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa kichwa kwa siku. Kibaba kile kilimhesabu mwenye kazi. Mke na mtoto hawakuwa na kibaba chao. Kwa hiyo wanawake walilipa kwa vichwa vyao, wakibeba mizigo, wakitwanga na kupika, wakitembea na watoto mgongoni. Na waliposhindwa wao, walilipa wanavijiji. Ngome za mpakani mwa Toro na Bunyoro zilijulikana kwa askari wake kupora chakula na mifugo ya watu wa karibu. Mkulima wa Toro, ambaye hakuwa ameajiri jeshi lolote, ndiye aliyelipa posho ya familia za askari.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1897, hesabu ilirudi kwa wakubwa. Askari wa Kisudani walikuwa wamechoshwa na vita vya mfululizo. Mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wapagazi kutoka pwani, na ilicheleweshwa kwa miezi. Ndipo wakaamriwa kufuatana na msafara wa Macdonald kwenda mbali kaskazini, mahali wasipopajua, bila kuruhusiwa kuchukua familia zao kama walivyozoea. Mwezi wa Septemba, huko Eldama Ravine, walikataa amri, wakarudi Busoga na kuishika ngome ya Luba. Maofisa watatu wa Kiingereza waliokuwa mikononi mwao, akiwamo Meja Thruston, waliuawa. Mapigano yaliendelea hadi mwaka 1898, na Uingereza ililazimika kuleta askari kutoka India. Baada ya hapo ndipo mishahara ilipopandishwa.

Sikusimulia haya kuwatetea waasi. Kuua mateka ni dhulma, na uporaji wa Toro ulikuwa dhulma. Nasimulia kwa sababu kisa hiki kinaonesha orodha kamili ya wanaolipa pale mwenye amri asipolipa: kwanza mwanamke, kisha jirani asiyehusika, na mwisho dola yenyewe, tena kwa damu na kwa gharama kubwa kuliko ile iliyokwepa.

Nami niseme neno moja langu, kwani ningeficha ningekuwa sijasema kweli. Mimi ni mtoto wa askari. Nilisoma shule nne za msingi katika wilaya nne. Uhamisho wa tatu mama aliuza mbuzi wawili. Uhamisho wa nne aliuza cherehani yake, na akaacha maharage shambani yakiwa bado wiki tatu kuvunwa. Fomu za kurudishiwa nauli zilijazwa, zikapotelea mahali. Tulifika kituo kipya salama, alhamdulillahi, lakini mama alifika bila kazi yake. Kwenye karatasi za serikali uhamisho ule haukugharimu kitu.

Wapi pawekwe mpaka?

Sasa nirudi kwenye ukuta wa hadithi ya Mustawrid, kwa sababu kuna pingamizi la kweli. Fedha ya dola ni ya mkulima ambaye zahanati yake haina dawa. Kwa haki gani tumtoze ili godoro la askari lisafiri?

Jibu langu ni kwamba mkulima yule atalipa kwa vyovyote, kama alivyolipa wa Toro. Tofauti ni kwamba kupitia Baitulmali analipa kwa kiasi kinachojulikana, pamoja na wenzake, na anaweza kuhoji hesabu. Lakini pingamizi lenyewe linadai mpaka, na mpaka lazima uandikwe.

Jeshi la Marekani ni mfano wa mpaka ulioandikwa. Askari akihamishwa kituo kwa amri, serikali hulipa safari ya mke au mume na watoto waliosajiliwa kuwa wategemezi wake, husafirisha vyombo vya nyumba kwa uzito uliowekwa kulingana na cheo, na hutoa posho ya kuhama. Kwa siku za njiani, mtegemezi wa miaka 12 na kuendelea huhesabiwa asilimia 75 ya posho ya siku ya askari, na wa chini ya miaka 12 asilimia 50. Siipambi nchi hiyo. Zipo sehemu za ng'ambo ambako askari hutumwa bila familia, na akiileta bila kibali anabeba gharama mwenyewe. Ninachokitazama ni kwamba mtoto wa miaka mitano ana mstari wake kwenye hesabu. Si sehemu ya begi la baba.

Kila orodha, hata hivyo, inaamua familia ni nani. Sisi Waislamu tutakutana na maswali ambayo kanuni hiyo haina majibu yake. Mke wa pili je? Mama mzazi mjane anayeishi na mwanawe? Yatima wa ndugu yake?

Rai yangu ni hii. Dola ilipie wale ambao sheria inamlazimisha askari kuwatunza na ambao wanaishi naye chini ya ulinzi wake: mke, watoto, na mzazi asiye na mwingine. Hao hawezi kuwaacha bila dhambi, na hadithi ya Abu Dawud inatuonya kwamba yatosha mtu kuwa na dhambi kwa kuwapoteza wanaomtegemea. Dola isimlazimishe mtu kuchagua baina ya amri yake na dhambi hiyo. Juu ya mke zaidi ya mmoja, naona si dhulma dola kuweka kiwango kimoja cha gharama kwa kila nyumba ya askari, na ziada akaibeba mume, kwa sababu ndoa ya pili ni hiari yake, nayo ilishartiwa uwezo. Ila hapo asije akapiga kura ile ya bandarini nyumbani kwake. Asiyesafiri abaki na haki zake zote.

Na hapa kuna jambo la vitendo. Uganda ina sheria ya tangu mwaka 1906 inayotambua ndoa za Kiislamu na kuagiza ziandikishwe. Bado tunaridhika na nikahi iliyofungwa mbele ya mashahidi na biriani, kisha karatasi hatuifuatilii. Mke ambaye ndoa yake haikuandikishwa ni mke mbele ya Allah (S.W.T.), lakini kwenye dirisha la mhasibu hayupo. Tusimlaumu mhasibu kwa jambo ambalo walii na imamu wangelimaliza kwa dakika kumi.

Ukuta wa pili ni wa upande wa mwenye kudai. Askari anayeandika watoto sita naye ana watatu, au anayedai nauli ya mke ambaye hakusafiri, amevuka mpaka wa hadithi na kuingia katika khiyana. Vilevile ofisa anayepakia makochi na friji kwenye lori la kikosi hadi familia za askari wa chini zikakosa nafasi. Uongo wa mmoja ndio unaowapa wakubwa kisingizio cha kuwakatalia wakweli.

Na dola isipolipa?

Hukumu nzuri kwenye karatasi haimfikishi mtu Gulu. Dola isipolipa, mume anabaki na wajibu wake kadiri ya uwezo. Mke akitoa katika mali yake, ile biashara yake ndogo au mgao wa kikoba chake, tuiite kwa jina lake. Ama ni deni juu ya mume, lililokubaliwa na kuandikwa, ama ni sadaka aliyoitoa kwa ridhaa yake, kama Zaynab mke wa Ibn Masud (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alisema ana malipo mawili. Kitu kisichofaa ni kuichukua mali yake kimyakimya kana kwamba ni sehemu ya ndoa.

Nasi jamii tuna fungu letu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Zayd bin Khalid (R.A.) kwamba anayeiangalia vyema familia ya mpiganaji huhesabiwa kuwa naye amepigana. Tangu mwaka 2007 askari wa nchi hii wamekuwa Somalia, na familia zao ziko miongoni mwetu, nyingine ni majirani wa chuo hiki. Jumuiya yetu hukusanya michango ya futari kila Ramadhani. Sioni kwa nini sehemu ndogo ya mfuko huo isiwe nauli ya mama anayehama na watoto. Lakini wema wetu usiwe pazia la kufichia deni la mwenye deni. Tunaposaidia, tuseme pia kwa sauti kwamba haki hii ilikuwa kwa mwingine.

Baadhi yenu mnaosoma makala hii mtakuwa wahasibu wa serikali, maofisa wa utumishi, mawakili na makamanda. Siku moja itawekwa mbele yako amri ya uhamisho, nawe utaombwa kuweka saini. Karatasi itakuwa na jina la mtu mmoja na namba yake ya jeshi. Kabla ya kusaini, uliza: wako wangapi nyumbani, na wana umri gani? Kisha hakikisha majibu yameandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, pamoja na kiasi cha fedha na mfuko kitakapotoka.

Wallahu a'lam. Tunamuomba Allah (S.W.T.) atujaalie kuwa watu wa kulipa madeni yetu, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Amin.